Maneno Matano ya Kuua

Nairobi, 14 Januari 2023

Mjomba Kombe,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na nakuombea uwe hivyo, wewe na wote wa Taru wanaoniulizia. Goti lako linaendeleaje? Huku mvua ilinyesha juzi, ya kulowesha nguo kwenye kamba tu. Nikayakumbuka malisho yenu, nikaona haya kulalamika.

Chumba nimepata, mtaa wa nyuma ya viwanda, ghorofa ya tatu. Jirani yangu anafuga kuku kwenye roshani na jogoo wake hana saa.

Sasa habari ya kazi. Uliniuliza kwenye simu nikakwepa, ukaona nimeanza maringo. Sivyo. Nilitia sahihi karatasi kwamba sitamweleza mtu ninachokifanya: si mke, si mzazi, si ndugu, si rafiki. Niliisoma mara mbili, mjomba hakuandikwa. Wenye kampuni hii hawajui mjomba ni nani kwa Mduruma, kwa hiyo nakuambia wewe, tena kwa karatasi, maana simu zetu tunafungiwa kabatini na nikitoka sitaki kuona kioo chochote kinachowaka. Swabir wa trela amekubali kutubebea barua kila anaposimama Taru kunywa chai.

Kazi yangu ni kutazama video ambazo watu wamezituma mtandaoni, niamue ipi ibaki na ipi iondolewe. Walinichukua kwa sababu nasikia Kiduruma, Kidigo na Kigiriama. Mbele yangu kuna vitufe vinne: iache, iwekee onyo, ifute, ipeleke juu kwa wakubwa walio ng'ambo. Kila video nina dakika moja isiyotimia.

Maneno yako matano ya Kiingereza ya kila barua sijayasahau. Najua barua isiyo nayo utawashia jiko. Queue ni foleni ya video zinazonisubiri. Shift ni zamu. Target ni idadi ninayotakiwa kuifikisha. Headset ni vile vya kuvaa masikioni. La tano ni msemo. Msimamizi wangu, Rispah, huniambia kila jioni: You're killing it. Kwa maneno yake ni kwamba unaua, na anachotaka kusema ni kwamba unafanya kazi vizuri.

Ni mimi mpwa wako,
Lewis Kavumbi

*

Taru, 9 Februari 2023

Mpwa wangu Lewis,

Marahaba, na marahaba ya pili uiweke akiba. Goti ni la mzee, asubuhi linakataa na jioni linakubali. Chiku mke wangu anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayeishi na kuku mlangoni hawezi kufa njaa.

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kamusi. Nimetunga sentensi kama ulivyokuwa ukitunga wewe, fimbo ikiwa mezani: My goats are in the queue for water. My shift is twenty-four hours. Sahihisha, halafu urudishe.

Huo msemo wa kuua haukunishtua hata kidogo. Miaka kumi na minne nilisimama langoni mwa hoteli Diani, na wageni wale waliua mchana kutwa kwa mdomo. My feet are killing me. The heat is murder. I could kill for a cold beer. Miguu inawaua, joto linawaua, na kwa bia baridi wangeua mtu. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja aliniambia mumewe atamuua akichelewa chakula, nikakimbia kumwita meneja. Walinicheka mpaka Krismasi. Baadaye nikajiambia, watu wanaotaja kuua kwa wepesi hivyo ni watu ambao hawajaona mtu akiuawa.

Ukame umetukalia. Mbuzi wako wamebaki sitini na wawili. Nasema wako, na narudia. Wapo hapa walioanza kuwarithisha mifugo watoto wao wa kuzaa, eti ukuche ni mambo ya kale. Mimi nilivyokuta ndivyo nitakavyoacha: ardhi inafuata upande wa baba, mifugo inafuata upande wa mama, kwa mtoto wa dada. Dada yangu alikuwa Eunice, Mungu amrehemu, na Eunice aliacha mtoto mmoja. Siwezi kuuza hata beberu kibogoyo bila kukuuliza. Kwa hiyo naomba ruhusa niuze watatu ninunue majani.

Tsofa, mwenzangu wa mnadani, huja kila asubuhi kunisaidia kunywesha. Bila yeye ningekuwa nimezika nusu yao.

Nakaa kusubiri maneno mengine.
Mjomba wako, Kombe

*

Nairobi, 6 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo. Ruhusa unayo, uza hata watano. Mwambie mama Chiku nakula. Sentensi ni sahihi zote mbili.

Uliandika kuhusu watu ambao hawajaona mtu akiuawa. Mimi sasa nimeona. Nilihesabu mpaka mia nne nikaacha.

Kiingereza kimepanga kuua kama duka la vipuri linavyopanga bolti, kila aina na kisanduku chake. Sisi tunasema fulani ameuawa, halafu tunakaa chini tunasimulia. Mimi siruhusiwi kusimulia, natakiwa kuchagua kisanduku. Stab, kwa kisu. Strangle, kwa mikono au kamba shingoni. Behead, kukata kichwa. Execution, aliyefungwa na kupigishwa magoti kwanza. Massacre, wengi kwa mara moja. Hayo ndiyo matano ya mwezi huu, na yote niliyaona kati ya Jumatatu na Alhamisi. La kukata kichwa lilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kisu kilikuwa butu.

Nyama siwezi tena. Juzi nilimwona muuza bucha akinoa kisu, nikakaa chini pale pale kwenye matope na suruali ya kazi. Rispah alinipa dakika kumi na tano za kutulia, na zinaandikwa. Si mtu mbaya. Naye hutazama zile zinazotushinda sisi.

Naomba barua ijayo uniandikie mbuzi tu. Yule mwekundu mwenye pembe moja alizaa? Waliponunuliwa majani walikula au walichagua?

Lewis

*

Taru, 2 Aprili 2023

Mpwa wangu,

Salamu utazikuta mwisho.

Umeomba mbuzi, nakuandikia mbuzi. Wameibwa. Usiku wa kuamkia Jumatano wametolewa zizini kumi na mmoja, na yule mwekundu mwenye pembe moja yumo, na tumbo lake la siku chache kuzaa. Kufuli halikuvunjwa. Miiba ya mlango iliwekwa pembeni vizuri, kama anavyoiweka mtu wa nyumbani. Mbwa wote watatu hawakutoa sauti.

Kuzika mbuzi kwa kiu ni kazi ya Mungu, sina la kusema. Lakini mtu aje, baada ya miezi yote ile ya kuteka maji kwa ndoo na goti hili, aokote mali ya mtoto wa Eunice kama anayeokota kuni? Sijalala. Tsofa amezunguka nami mpaka Samburu na mpaka Mackinnon tukiuliza. Ameapa tukimpata mtu huyo hatafika kituoni.

Maneno yako matano nimeyanakili ukutani kwa mkaa. Nikiyatazama nachagua.

Salamu kutoka kwa Chiku. Amelia kuliko siku ya msiba wa mama yake.

Kombe

*

Taru, 21 Aprili 2023

Lewis,

Hatujambo. Mbuzi wanane wamerudi. Mambo yamekwisha. Usiniulize.

Mjomba wako

*

Nairobi, 11 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuulizi. Nimeona.

Barua yako fupi ilinifikia tarehe tatu. Video ilinifikia kabla yake, Alhamisi ile ya tarehe ishirini Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwenye foleni yangu kulikuwa na ajali ya lori, ugomvi wa mama wawili sokoni, halafu Taru. Niliujua mnada kabla sijamjua mtu. Nikaona pikapu ya kijivu imesimamishwa, imebeba mbuzi, na mbuzi mwekundu mwenye pembe moja amesimama ameangalia upande mwingine.

Nitakuandikia nilichokiona ili tusidanganyane. Dereva amekaa chini, shati limechanwa, sikio moja linaning'inia. Anasema, "Mimi ni Sanga, mwana wa Kahaso wa Mkongani, nimekodiwa gari tu, sijui mbuzi ni wa nani." Mtu anampiga ubao wenye msumari mgongoni na ubao unanasa. Kijana wa duka la chai anautoa kwa mguu. Mawe yanaanza, madogo kwanza. Anajaribu kuingia chini ya gari lake, wanamvuta kwa miguu. Halafu unaingia wewe na mtaimbo. Unasema kwa sauti, kwa Kiduruma, "Hawa ni mbuzi wa mwanangu aliye Nairobi." Unampiga mara moja begani. Unampiga mara ya pili kichwani. Baada ya hapo miguu yake ilitetemeka muda, na watu wakaendelea kumpiga kana kwamba bado kuna mtu.

Umemuua kwa jina langu, mjomba. Hilo nimeshindwa kulilaza.

Kisanduku chake kinaitwa lynching. Ni pale watu wengi wanapomuua mmoja bila hakimu. Mob ni wale watu. Bludgeon ni kupiga kwa kitu kizito hadi kuua. Bystander ni aliyesimama akatazama. Victim ni aliyetendewa. Nilitakiwa kubonyeza ipeleke juu, maana jina na mahali vilitajwa, na kutoka huko pengine ingefika kwa polisi. Nilibonyeza ifute, kwa sababu ulikuwa wewe.

Tangu siku hiyo watu wameipakia tena na tena, imekatwa, imegeuzwa, imewekewa muziki. Mara kumi na tisa imenijia mimi, na mara kumi na tisa nimeifuta. Nimeisikiliza na headset mpaka najua pumzi zake. Mwishoni kuna maneno aliyoyasema ambayo ninyi hamkuyasikia, kwa sababu sauti ilikuwa imemwisha na ninyi mlikuwa mnapiga kelele. Simu iliyokuwa inarekodi ilikuwa karibu naye kuliko masikio yenu.

Mmemweka wapi?

Lewis

*

Taru, 25 Juni 2023

Mpwa wangu,

Hasira imekufupishia salamu, na mimi imeninyima majibu. Mwezi mzima Swabir amekuwa akisimama kwangu akiondoka mikono mitupu. Sasa nasema.

Umenihukumu kwa dakika moja isiyotimia. Hukuwapo. Hukusimama kwenye foleni ya maji saa tisa za usiku. Hukuona mbuzi akila mfuko wa nailoni akafa na macho wazi. Tulimkamata na mali mkononi. Nani hasemi nimekodiwa? Hata shetani ukimkamata atasema amekodiwa. Polisi walipokuja watu walisema wananchi wenye hasira, na hao wakaandika hivyo hivyo, wakanywa chai wakaondoka. Mwili hawakuuona. Sitaandika ulipo.

Lakini wewe ni mtoto niliyekulea, na sikukulea ili nikufiche nusu. Kuna jambo linanila. Mbwa hawakubweka. Aliyefungua zizi langu ni mtu anayejua miiba yangu. Yule dereva alikuwa mkono, na kichwa bado kinatembea hapa mnadani kinanisalimu. Unasema alisema maneno mwishoni. Kama alitaja mtu, nitajie. Mtaimbo bado ninao. Safari hii nitakwenda peke yangu, bila mob na bila bystander, ili usikose kisanduku cha kuniwekea.

Jambo lingine, nalo nalitaja kwa sababu Chiku amenishurutisha. Mama wa yule dereva amekuja. Kahaso, mwanamke mrefu, mkulima wa Mkongani. Huja kila siku ya mnada na jembe. Hamuulizi mtu tena, maana aliuliza wiki mbili na kila mmoja alikuwa amesafiri siku hiyo. Anachagua mahali penye udongo uliolegea na kuanza kuchimba. Amechimba nyuma ya choo, amechimba kwenye mtaro wa barabara kuu, amechimba nyuma ya banda la ng'ombe. Watu wanampita kwa mbali. Tsofa anasema tumwite chifu amwondoe, anatia nuksi biashara.

Kombe

*

Nairobi, 8 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Ndiyo, alitaja jina. Sitakutajia.

Ningelikuwa nakuandikia kabla ya Aprili ningekutajia hapo hapo, kwa kuwa nilidhani nakujua. Sasa nakujua kwa sekunde. Sekunde ya thelathini na nane unainua, ya arobaini na moja unashusha. Nikikutajia, wiki itakayofuata nitafungua foleni yangu nikukute tena, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekutuma.

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Daktari wa kampuni aliniuliza kama nina mawazo ya kumdhuru mtu. Nikamwambia hapana, ninaye mjomba wa kufanya hivyo. Hakucheka.

Maneno matano sina leo. Chukua moja: accomplice, msaidizi wa muuaji. Hutumika pia kwa aliyeficha ushahidi.

Lewis

*

Taru, 30 Julai 2023

Mwanangu Lewis,

Nakusalimu kwa heri na kwa aibu. Chiku ana homa kidogo. Mvua bado. Mbuzi ni arobaini na saba.

Neno lako nilitazama kwenye kamusi ingawa ulinipa maana. Sikulala. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, na sasa unajiita hilo kwa ajili yangu.

Sikiliza kilichotokea. Jumatano iliyopita Kahaso alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, akapiga hodi, akaomba maji. Nilimpa kwenye kata. Akanywa kidogo, akayamwaga mengine kwenye mikono yake, na mikono ile, Lewis, ngozi ya viganja haipo. Akasema, "Baba, nimechimba mahali kumi na moja. Sitaki kumjua aliyemuua mwanangu, hilo Mungu analijua. Nataka nimzike, na nataka kujua alisema nini. Sanga hakuwa mtu wa kunyamaza." Nikamwambia sijui. Akanitazama, akasema ahsante kwa maji, akaenda kuchimba mahali pa kumi na mbili. Anachimba kando ya zizi langu. Ninamsikia hadi ndani.

Nilitoka mara tatu nimwambie. Mara tatu nikarudi. Mimi niliyewahi kumfukuza mlevi wa kizungu mwenye chupa iliyovunjika, nimeogopa mwanamke mwenye jembe.

Mtaimbo nimeutupa kwenye kisima kile kilichokauka. Najua hutaniamini kwa hilo tu. Basi nakuapia kwa kaburi la mama yako Eunice, kwamba jina utakalonipa sitalitumia kwa mkono wangu wala kwa mkono wa watu. Nitalitaja kwa afisa tu, baada ya kulitaja langu. Kama bado hunitajii, nitaelewa. Lakini siwezi kwenda kwa mama yule na nusu ya alichokisema mwanawe.

Kombe

*

Nairobi, 12 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mama Chiku apone. Nimemtumia dawa kwa Swabir, zimo kwenye mfuko wa bluu.

Nimekaa na barua yako siku nane. Nimeisoma sehemu ya kiapo mara nyingi kuliko nilivyoisikiliza ile video. Nakuamini, na naogopa kukuamini.

Sanga alipokuwa amelala ubavu, baada ya pigo la bega na kabla ya la kichwa, aligeuza uso akaitazama simu. Si simu kwa kweli, alimtazama aliyeishika. Akasema, "Tsofa, waambie ni wewe uliyenituma. Tsofa, waambie basi." Simu ikatikisika kidogo. Halafu nasikia sauti ya Tsofa mwenyewe, karibu kabisa na kinasa sauti, akipaza: "Mmalizeni."

Ndipo ukamaliza.

Sasa unajua kwa nini mbwa hawakubweka, na kwa nini nilinyamaza. Kumbuka ulichoapa na kaburi uliloapia.

Lewis

*

Rumande, 24 Septemba 2023

Mwanangu Lewis,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo barua husomwa na askari kabla yako, basi nami namsalimu yeye. Mwandiko umepinda kwa sababu vidole viwili vimefungwa vipande vya mbao. Chiku amepona, anakuja kila Jumapili na viazi.

Barua yako ilinikuta mnadani, Swabir alinipa mbele ya Tsofa. Niliifungua pale pale. Tsofa akaniuliza, "Kijana anasemaje?" Nikamwambia hajambo. Nikaikunja. Hilo, mwanangu, lilikuwa zito kuliko kitu chochote nilichowahi kukiinua. Mikono ilitaka. Nilikwenda nikaiingiza kwenye pipa la maji hadi kwenye viwiko, nikakaa hivyo, watu wakadhani naosha.

Nilisubiri mnada uliofuata, Kahaso alipokuja. Nikamfuata, nikamwomba jembe. Hakuuliza. Tulikwenda kwenye shimo la kifusi lililoachwa na wajenzi wa barabara, yeye nyuma yangu, na watu wakaanza kutufuata kwa mbali. Nikachimba. Tsofa alikuja akicheka, akisema mzee amerukwa na akili, mwondoeni juani. Nikaendelea. Shati lilitokea kwanza. Kahaso akashuka shimoni mwenyewe, akasema basi, hapa namalizia mimi, na akachimba kwa mikono ile.

Nikamwambia pale pale, kwa sauti ya watu kusikia, kwamba mimi ndiye niliyempiga la mwisho, na kwamba Sanga alikodiwa kama alivyosema. Jina la aliyemkodi sikulitaja. Nilipanda nikaenda nikamshika Tsofa mkono, nikamnong'oneza twende kituoni, mimi na wewe. Ndipo akapiga kelele, akijitetea kabla hajashtakiwa. Akasema yeye hajui lolote kuhusu kufungua zizi, na hakuna aliyekuwa ametaja zizi. Watu wanajua kujumlisha. Wale wale wa Aprili, Lewis, kijana yule yule wa duka la chai. Jiwe la kwanza lilimpasua Tsofa mdomo. Nikamwangusha nikamlalia. Vidole vyangu na mbavu mbili vilivunjikia hapo, mpaka pikapu ya polisi ilipofika. Yeye yu hai. Tuko gereza moja, yeye upande mwingine. Tukipangwa mstari wa chakula hutazama sahani yake.

Jioni ya siku ile, nikiwa kituoni, Kahaso aliruhusiwa kuniona. Nilimwambia maneno ya Sanga, yote, pamoja na lile la Tsofa na pamoja na langu la mbuzi wa mwanangu. Aliniomba niyarudie. Nikayarudia. Akasema, "Kwa hiyo alimwomba mtu aseme kweli, akanyimwa." Hakulia mbele yangu. Nilimwambia mbuzi arobaini na saba ni wa mpwa wangu, na nina hakika mpwa wangu atakubali wawe wake. Akasema hana zizi na hataki kulijenga.

Sasa jambo lenyewe. Nimepewa wakili na mahakama, kijana mwenye heshima. Ameniambia maneno niliyosema shimoni na kituoni yanaweza kukataliwa, nilikuwa nimepigwa, ni mzee, nilichanganyikiwa. Simu ya Tsofa, anadai iliibwa. Mnadani hakuna aliyeona kitu, wote tena walikuwa wamesafiri. Kampuni yako haijibu barua. Video imekwisha mtandaoni, na wewe unajua ni nani aliyeimaliza, na waliokuwa nayo simuni wameifuta kwa woga. Wakili alitabasamu aliponieleza. Akasema nikikana, na Tsofa ameshakana, sote wawili tutatoka kabla ya mwaka mpya. Aliyeiona na kuisikia kwa ukamilifu ni mtu mmoja tu duniani, naye amefungwa na mkataba na tena ni damu yangu. Hawezi kuja, alisema.

Nilimwambia asubiri niandike barua.

Lewis, nimekulea tangu una miaka sita. Sijawahi kukuomba chochote ila maneno. Najua utapoteza kazi, na pengine watakushtaki kwa kusema uliyoyaficha. Najua wakikuuliza ni nani aliyeshika mtaimbo itabidi uninyooshee kidole. Njoo unyooshe. Ukiuliza kama naogopa, naogopa sana, usiku nasikia mabaya kuliko uliyoyasikia wewe na vile vya masikioni. Lakini yule kijana aliomba mtu mmoja tu aseme, na sisi wote tulikuwepo.

Kesi ni tarehe tisa Novemba. Kahaso atakaa benchi la mbele, huja mapema. Ukisimama kizimbani usinitazame mimi, utashindwa kumaliza. Mtazame yeye.

Mjomba wako,
Kombe